Risala ya Wahitimu wa Upimaji Ardhi kwa Mgeni Rasmi, Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi,

Tunakushukuru kwa kufika kwako, na tunaomba utusikilize katika jambo moja tu, nalo ni upimaji wa mipaka kwa kutumia setilaiti.

Mheshimiwa, setilaiti za GPS huzunguka zikiwa juu ya dunia kwa takribani kilomita 20,200, na kipokezi, yaani kifaa kinachonasa mawimbi yake, sharti kizipate angalau nne kwa wakati mmoja ili kijue mahali kilipo. Kinachopimwa hasa ni muda wa wimbi la redio kutoka setilaiti hadi kipokezi, na kwa kuwa wimbi hilo husafiri mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, likicheleweshwa kidogo tu na tabaka za juu za hewa, mpaka unahama. Ndiyo maana simu ya mkononi hukosea kwa mita kadhaa, na mjini mita hizo ni chumba kizima cha jirani. Wapo wanaouziana viwanja kwa vipimo vya simu, jambo linalotusikitisha sana.

Dawa yake ni vipokezi viwili. Kimoja husimikwa juu ya nguzo ya upimaji ambayo mahali pake panajulikana kwa hakika, kingine hutembezwa mipakani; cha kwanza hubaini kosa la wakati uleule na kukipelekea cha pili masahihisho kwa redio, hata kosa likashuka hadi sentimita mbili tatu. Mpimaji aangalie pia kwamba ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, unaopishana na ule wa setilaiti kwa takribani mita 300 hapa nchini.

Katika zoezi letu la mwisho, jiwe moja la mpaka lilikuwa chini ya mwembe, na Tabora hii miembe haikwepeki. Majani yalizuia mawimbi, bati la nyumba ya jirani likayarudisha, namba zikawa zinarukaruka. Mwembe wa mzee wa watu hatukuugusa. Tulipima nukta mbili penye uwazi, tukavuta futikamba kutoka kila moja hadi zikakutana juu ya jiwe, naye mzee akainama akalifuta udongo kwa kiganja chake.

Mheshimiwa, siku hiyo kipokezi cha pili kilikuwa cha kuazima, kwani chuo kina kimoja tu kinachofanya kazi, na kimoja peke yake hakiwezi kufikia usahihi wa sentimita papo hapo. Tunakuomba kwa heshima zote utusaidie kukipata cha pili, ili wadogo zetu wanaobaki wajifunze kwa mikono yao.

Tunaomba kuwasilisha.