Somo, usiache chapati kwanza

Somo yangu,

Salaam nyingi kutoka Tanga, sie wazima, bi mkubwa miguu bado inamsumbua ila anakusalimu sana. Voice note yako nimeisikiliza mara tatu jana usiku, nikaona bora nikuandikie maana kwa simu ntasahau nusu.

Hilo doa la pembeni ya jicho, ulivyosema jeupe pe, haliwashi wala haliumi, limenikumbusha langu. Mie lilianza kwenye kifundo cha kidole, nilikuwa nakanda unga wa chapati, nimemaliza nikanawa naona unga umebaki pale, nikaufuta na khanga, nikanawa tena na sabuni hautoki. Nikasogea mlangoni penye mwanga ndo nikajua sio unga, ni ngozi. Sasa uliposema umeambiwa mbalanga inaletwa na ngano na wewe umeshaacha chapati moyo ulinipiga paa, kwa sababu na mimi nilifanya hivohivo, na nikajiharibia vipimo.

Iko hivi. Mbalanga, wenyewe hospitali wanaita vitiligo, ni kinga ya mwili wako kushambulia zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kuna ugonjwa mwingine unaitwa siliaki, nao ni kinga hiyohiyo, ila yenyewe inachokozwa na gluteni, protini ya kwenye ngano na shayiri, inageuka inaharibu utumbo mwembamba, vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalala, mtu anakula lakini mwili haupati. Haya magonjwa ya kinga yanapenda kuongozana, ndo maana mwenye mbalanga anaambiwa apime tezi ya shingoni. Lakini kati ya mbalanga na siliaki watafiti hawajakubaliana, kuna waliopima wenye madoa wakakuta kingamwili za siliaki, yaani zile protini za kinga zinazoonekana kwenye damu, zipo nyingi kuliko kwa watu wengine, na kuna waliopima wasione tofauti yoyote. Wapo walioacha ngano na rangi ikarudi kweli, wameandikwa na madaktari, ila ni mmoja mmoja somo, huwezi kusema ndo dawa.

Mie nilikaa miezi minne bila ngano. Mkate wa kumimina, vitumbua, ugali, muhogo, mtu wa pwani hafi njaa. Rangi haikurudi hata nukta. Ndo nikaenda kupima siliaki, damu ikapelekwa Dar, majibu yakaja huna kitu, nikafurahi, daktari akaniuliza ngano unakula? Nikamwambia nimeacha zamani. Akaweka kalamu chini. Kumbe kipimo kinatafuta zile kingamwili, na ukiacha gluteni zinapungua, kwa hiyo hilo jibu la huna halikuwa na maana yoyote. Nikarudi kula ngano kila siku wiki sita, asubuhi mkate jioni chapati, nikapima upya. Siliaki sina kweli. Walichokikuta ni tezi inafanya kazi polepole, hiyo ndo ilikuwa inanichosha na kuning'oa nywele na mimi nasingizia ngano.

Wewe nakuhimiza upime kwa sababu umesema tumbo linajaa gesi kila siku na damu haipandi licha ya vidonge vyote ulivyomeza. Hizo ni dalili za siliaki, madoa peke yake nisingekusumbua. Mwambie daktari unataka kipimo cha tTG, ndo hicho cha damu cha kingamwili za siliaki, pamoja na IgA ya jumla, nayo ni aina ya kingamwili, na tezi pia. Ikionekana ipo watakupitishia kamera mdomoni mpaka utumboni wachukue vipande vidogo wavitazame. Wakithibitisha hapo utaacha ngano maisha yako yote, hata kipande cha biskuti, na utaacha kwa ajili ya utumbo na damu na mifupa yako, usikae unasubiri doa. Ila ukirudia ngano ukaumwa vibaya usijilazimishe, rudi kwa daktari umwambie.

Na doa lenyewe litibiwe mapema. Usipake zile tyubu za steroidi za dukani karibu na jicho, tafadhali sana, jicho linaweza kuharibika, muone daktari wa ngozi, kwa uso huwa wanapenda takrolimasi, dawa ya kupaka, na kuna tiba ya mwanga wa UVB, mie nilipata nao vidoti vya rangi mkononi baada ya miezi. Jua la saa saba jikinge, pale hapana rangi ya kukulinda.

Huyo jirani anayekutengea kikombe mwambie haiambukizi, mume wangu tunalala kitanda kimoja miaka yote hii na hana hata doa. Najua imekuuma, nimeisikia kwenye sauti yako.

Kesho chemsha chai ule chapati yako, afu uniambie siku ya kutoa damu ni lini. Usiku mie niko macho mpaka saa tano, piga tu.

Somo yako