Shukrani kwa mama wa Kongowea

Mama uliyenikuta Jumamosi sokoni Kongowea nimempakata kuku wangu kikapuni, jina lako sikuuliza, nisamehe. Nilishaamini ni kideri, ule ugonjwa unaoua kuku. Wewe ukampapasa tumbo karibu na mkia, ukasema, "Mwanangu, huyu yai limemkwama."

Nilifanya ulivyonielekeza: nikamkalisha kwenye beseni la maji vuguvugu dakika 20, nikampaka mafuta ya nazi penye tundu la kutagia, nikamweka gizani kwenye utulivu. Magharibi ikiadhiniwa, yai likatoka, ganda lake laini kama karatasi iliyolowa. Akainuka, akanywa maji. Nililia, mama, kwani kuku huyu aliniachia marehemu nyanya.

Sasa namwekea chokaa ya kuku, ile ya chakula, ganda liwe gumu. Mungu akujaze kheri popote ulipo.