Barua kwa mwanangu: hilo duka la mlangoni nalo linasubiri lori

Nachingwea, Oktoba

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako niliipokea juzi kwenye simu, ila mazungumzo yenyewe sikuridhika nayo, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu nikianza jambo unaniambia "sawa baba, nimekuelewa baba," halafu mtandao unakata, na mimi sina hakika kama ni mtandao au ni kidole chako. Karatasi hii huwezi kuikata. Isome yote, na umsomee Asha naye, maana ndiye anayeshinda jikoni.

Nilikuuliza mna akiba gani ya chakula humo ndani, ukanijibu, "Baba, duka liko mlangoni." Tangu siku ile jibu hilo linanizunguka kichwani. Duka liko mlangoni, haya. Na mwenye duka yeye anapata wapi? Unga wake, sukari yake, mafuta yake ya kupima, vyote vinaingia huko kwenu Liwale kwa lori. Lori litapita huku kwetu au litapita Nangurukuru, na njia zote mbili unazijua zinavyokuwa ardhi ikishaloa. Likizama moja, la nyuma yake halipiti. Hapo hilo duka lako litabaki na sabuni na njiti za kibiriti, na mwenyewe atafunga mapema akalale.

Mvua zetu za kusini hazina vuli na masika kama za Dar es Salaam. Ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Leo Oktoba inayoyoma. Sikutishi, nakuonyesha kalenda.

Ya kimbunga Kenneth ya 2019 sitayarudia, ulikuwepo, uliona. Ya Mei 2024 ulikuwa chuoni Dar, kwa hiyo uliyaona kwenye simu tu, na nadhani ndiyo maana hayakukuingia. Kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ya Lindi na Dar ilikatika kule Kilwa, pale Somanga na sehemu nyingine, mabasi na malori yakalala njiani siku kadhaa. Hiyo ni lami, mwanangu, barabara kuu ya taifa, yenye wahandisi na mitambo iliyopelekwa usiku na mchana. Ya kwako nani ataipelekea mitambo usiku? Na mwanzoni mwa mwaka uleule sukari iliadimika nchi nzima kwa sababu mvua za El Niño zilizuia miwa kuvunwa na viwanda kusaga. Hapa Nachingwea hakuna shamba la miwa hata moja, lakini tulipanga foleni kama wengine.

Najua utasema pesa. Ulishasema. Mshahara wako naujua, na makato ya bodi ya mikopo nayajua, kwa sababu ile karatasi ya mshahara wa kwanza uliyonitumia nimeionyesha barazani mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuwa na karatasi ya namna ile. Sasa mwenye karatasi ile anapimiwa mafuta ya mia tano kwenye kimfuko! Fanya jaribio: siku moja mimina vimfuko hivyo kwenye chupa ya lita mpaka ijae, andika umelipa ngapi, kisha uliza bei ya dumu la lita tano. Unga wa kupimiwa ni vilevile. Mama yako anasema tabia hii umeitoa kwangu, eti ndiye niliyekuwa nakutuma dukani kila magharibi na sarafu mkononi. Mama yako ana kumbukumbu nzuri sana ya mambo ya watu.

Sikuambii ununue vyote mwezi huu. Ukifanya hivyo utakopa, na deni nalo ni njaa. Mwezi huu nunua mahindi tu. Bei sasa imeshapanda kidogo, lakini ya Januari hadi Machi ndiyo mbaya, watu wamemaliza ya zamani na ya shambani bado mabichi. Nyie ni watatu, na Nuru bado mdogo. Mkila ugali mara moja kwa siku na jioni mkala muhogo au wali, kilo moja inawatosha. Kwa hiyo nusu gunia ni zaidi ya mwezi. Hiyo peke yake ingeniwezesha kulala. Mbaazi pia ndizo zimetoka kuvunwa, ukingoja Februari utauziwa kama dhahabu. Lakini changanya na choroko, kwa sababu mbaazi kavu zinakula mkaa. Ziloweke usiku kucha kabla ya kupika. Choroko haina makuu. Baada ya hapo, kila wiki ongeza kitu kimoja kidogo: pakiti mbili za chumvi, wiki nyingine kilo ya sukari, wiki nyingine dagaa wakavu. Desemba usinunue chochote, najua mambo ya Desemba.

Na usiniletee habari za makopo. Niliona kwenye simu ya kaka yako, Mzungu mmoja amepanga makopo ya samaki ukutani kama maktaba. Weka kile mnachokula siku zote, mle cha zamani kwanza, kipya kikae nyuma. Sisi ghalani tulikuwa tunafanya hivyohivyo: kilichotangulia kuingia ndicho kinatangulia kutoka. Chakula usichokizoea kitaoza hapohapo, na siku ya shida mtoto atakikataa.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo nililolifanya maisha yangu yote na hukuwahi kuniuliza. Kununua mahindi ni kazi ndogo kuliko kuyatunza. Kwanza yawe makavu. Muuzaji atakwambia makavu, wewe pima. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika chache, uache yatulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Mahindi mabichi yakifungwa yanaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Hiyo haiondoki kwa kupikwa, na haina harufu ya kukuonya.

Yakishakauka, nunua ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, ila inatumika zaidi ya msimu mmoja isipotoboka. Jaza, kamua hewa yote, funga kila nailoni peke yake kwa kamba, na usifungue kuchungulia. Mdudu aliyeingia na mahindi atakosa hewa afe humohumo, bila dawa. Hata dumuzi, yule tuliyemwita Scania, aliyeonekana kwanza Tabora akatutia hasara nchi nzima. Yeye makopa, yaani muhogo mkavu, nayo anayatafuna vibaya. Hayo makopa ya bibi yako ninayokutumia usiyaache kwenye kikapu hata wiki. Choroko na mbaazi zikiwa kidogo, zijaze kwenye chupa kubwa za maji ya kunywa, kavu, mpaka shingoni, ukaze kifuniko. Mfuko wa mahindi uweke juu ya mbao au matofali, usiguse ukuta, kwa sababu ukuta unatoa jasho wakati wa mvua. Panya ni kazi ya paka, tafuta paka.

Usisage yote. Unga wa dona hauchukui muda unaanza kuwa mchungu kwa sababu ya mafuta ya kile kiini. Lakini vilevile usibaki bila unga kabisa, maana dizeli nayo inakuja kwa barabara hiyohiyo, na mashine ikizima utabaki unayatazama mahindi. Weka unga wa wiki mbili, mengine yakae punje.

Kuna jambo moja siombi, nakukataza. Mtu yeyote asikupe vile vidonge vya kufukizia ghala, awe mwalimu mwenzako, awe mpangaji wa chumba cha pili. Najua vinauzwa kimoja kimoja. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya kuua. Sisi tulivitumia kwenye ghala lisilo na watu, chini ya turubai, milango imefungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kulala jirani. Nyie mnalala chumba kimoja na gunia. Afadhali fukusi wale mahindi yote. Nimeeleweka?

Na kifua cha Nuru. Wewe ndiye unayelala naye, sina haja ya kukueleza usiku unavyokuwa. Ninachosema ni kwamba ile pampu yake ya kuvuta dawa uwe nayo ya pili kabla ya kwanza haijaisha, na ya pili hiyo inunuliwe kabla ya Novemba, hata kama mahindi itabidi yasubiri. Ndiyo, nimesema mahindi yasubiri. Duka lako la mlangoni halina pampu. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata mvua ikinyesha siku tatu, kwa ajili ya kifua chake, na kwa ajili yenu wote, kwa sababu moshi wa mkaa usioonekana ndio unaoua watu usingizini. Pikieni barazani mkiziba upepo kwa bati. Mkaa wenyewe nunua gunia sasa, ungali mkavu.

Maji watu huyasahau kwa sababu mvua inanyesha, kana kwamba ya mtoni yanayoletwa na mvua hiyo yananyweka. Ya kunywa na kupikia tu, weka lita nne kwa kila mtu kwa siku. Watatu kwa wiki ni lita 84, yaani madumu manne ya lita ishirini na kidogo juu. Una madumu mawili, na moja halina mfuniko, nililiona nilipokuja. Chemsheni mpaka yatokote. Weka pakiti za ORS za mtu anayeharisha, na zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Asha alijue hilo kwa moyo. Tochi ya sola mnayo. Vyeti vyako na kadi ya kliniki ya Nuru vitie kwenye mfuko wa nailoni, uvitundike juu.

Mama yako amesoma mpaka hapa akasema nimeandika kama mkaguzi, sikukuuliza hata kazi inaendeleaje. Haya, kazi inaendeleaje? Mwalimu mkuu ameshakupa nyumba ile au bado anakuzungusha? Ukiipata iwe na chumba cha stoo hata kidogo, chenye dari.

Huku hatujambo. Korosho za mwaka huu si haba, tunasubiri minada ianze tuone wanunuzi wamekuja na moyo gani. Pesa ikiingia nitakutumia ya ile mifuko. Usiniambie usitume, nitatuma. Bati la jikoni lililong'oka limepigiliwa, ila fundi ametumia misumari mifupi, na mimi nimekaa kimya kwa sababu ni mtoto wa dada yangu. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Mjomba wako anaozesha Januari na mchango umeshapangwa, jina lako limo, nimejaribu kulitoa ikashindikana. Toa kidogo. Pampu kwanza.

Kwenye kifurushi hiki kuna makopa ya bibi, mbaazi kilo tano zilizokwisha kuanikwa, ng'onda wa Lindi, wale samaki wakavu, niliowafunga mara mbili kwa ajili ya harufu, na mifuko miwili tupu isiyopitisha hewa. Iliyobandikwa karatasi ni mpya, nyingine imetumika msimu mmoja; ijaze upepo kwanza uone kama inavuja kabla hujaiamini. Kondakta nimemlipa mpaka Liwale, asikutoze tena. Ndoo niliyovitia ni ya jirani, mrudishie kondakta huyohuyo anaporudi kesho asubuhi, na pamoja nayo umpe lile dumu lisilo na mfuniko, hapa mjini mifuniko ipo.

Ukishapokea, piga. Na ukianza kusema "sawa baba," nitajua hukufika huku chini.

Baba yako