Kwa Vijana Wetu wa Ghuba Mnaoshika Ufunguo wa Ferrari kwa Mara ya Kwanza

Wanangu mlioko Dubai, Sharjah na Abu Dhabi, mnaoendesha magari ya nyumba za watu, na nyinyi mnaopokea magari ya wageni milangoni mwa mahoteli,

Assalaam aleikum. Nawasalimu kutoka Mombasa.

Kilichonifanya niandike ni video mnazozituma nyumbani. Mjukuu wangu hunionyesha: kijana wetu yuko ndani ya Lamborghini la mtu, mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili umeshika simu, gari linakwenda. Naiona furaha usoni mwake na naijua vizuri, maana nimeipata. Sina nia ya kuwanyima. Nataka mrudi kwenu wazima, na majina yenu yakiwa safi.

Nilifika Ghuba katikati ya miaka ya themanini, nikitokea kwenye teksi ya Peugeot 504, ile ambayo gia yake iko kwenye shingo ya usukani. Kwetu gari la mbio lilikuwa lile lililopita kwa vumbi wakati wa Safari Rally. Tulimhesabia Joginder Singh ushindi wake mara tatu na Shekhar Mehta mara tano, tukabishana barazani usiku kucha nani zaidi. Ferrari ilikuwa picha ya kalenda. Kisha tajiri wangu akaingiza Ferrari Testarossa nyumbani, nyekundu, na mimi ndiye niliyekuwa dereva.

Gari lile lilizinduliwa Paris mwaka 1984. Injini yake ya lita 4.9 ina silinda 12 zilizolala, sita huku na sita huku, nguvu za farasi 390, nayo iko nyuma ya mgongo wako. Upana ni karibu mita mbili, na nyuma ni pana kuliko mbele. Yale ya mwanzo yalikuwa na kioo kimoja tu cha pembeni, upande wa dereva, kimepandishwa juu kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Pawa stering hakuna. ABS, ile breki isiyoacha tairi zijifunge, hakuna. Ukikosea, hakuna kifaa cha kukuokoa.

Bahati yangu ilikuwa fundi wa nyumba ile, mtu mzima wa Karachi, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza aliniketisha kwenye kiti cha dereva akakataa nisiwashe. Alinitaka nikanyage klachi, nzito kweli, nipitishe gia zote gari likiwa limezimwa. Sisi tumezoea kuendesha upande wa kushoto wa barabara na kubadilisha gia kwa mkono wa kushoto. Kule mkono wa kushoto uligonga mlango na wa kulia haukujua pa kwenda. Tena gia ya kwanza haikuwa pale tulipoizoea. Ilikuwa kushoto chini, na juu yake ni rivasi. Ya pili ilikuwa katikati juu. Rungu la gia lilipita ndani ya bamba la chuma linalong'aa, lililokatwa mifereji, kila gia na mfereji wake, na kila nilipoiingiza chuma kiligonga chuma, tak. Nilirudia mpaka kiganja kikakariri.

Tulipowasha alinipa amri moja: gia ya pili niiache kabisa mpaka oili ya giaboksi ipate moto. Kutoka ya kwanza niende ya tatu. Oili ikiwa baridi huwa nzito, na zile pete zinazosawazisha mwendo wa meno kabla ya gia kuingia hazifanyi kazi yake vizuri. Ukiilazimisha ya pili, unakula giaboksi la watu. Msidhani joto la Ghuba linatosha. Gari lililolala kwenye gereji yenye kiyoyozi ni baridi.

Kwa hiyo safari yangu ya kwanza na Ferrari ilianza kwa kutambaa. Malori yalitupita. Fundi alikuwa akitazama sindano ya oili tu, hata barabara haitazami. Mwishowe barabara ikanyooka mbele yetu, tupu, akasema, "Sasa." Nikakanyaga. Sindano ya mizunguko ya injini ilipopita elfu nne ile ngurumo ya nyuma yangu ikageuka kilio kirefu, mgongo ukabanwa kwenye kiti, na machozi yakanilengalenga. Kona ilipokaribia alinigusa goti: punguza sasa hivi, kabla hujaingia, na mguu uuondoe polepole. Hiyo ndiyo siri kubwa ya gari lenye injini nyuma ya dereva. Ukiingia kona kwa kasi, ukashtuka, ukaachia mafuta ghafla, uzito unaruka kwenda mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko, na nyuma inatangulia mbele.

Najua mtaniambia, mzee, hayo ni ya zamani. Tazameni basi Ferrari SF90 Stradale, iliyotoka mwaka 2019. Farasi 1,000, na inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 2.5. Kati ya viti wameweka kibamba cha chuma chenye mifereji, ukumbusho wa kile nilichokishika mimi, ila siku hizi ni swichi tu. Klachi ya kukanyaga hakuna. Tena inaweza kuondoka kwa umeme bila mlio wowote, kwa hiyo hapo mlangoni mwa hoteli unaweza kudhani imezimwa kumbe iko tayari kwenda. Testarossa ilikutisha tangu unapoinua mguu wa klachi, ukajifunza adabu mapema. Hii inakuzunguka kwenye maegesho kwa upole kama gari la kwenda sokoni, ndiyo maana naiogopa zaidi kwa ajili yenu.

Kwenye usukani wake kuna kiswichi kidogo chekundu, manettino, cha kuchagua namna gari litakavyokwenda. Kiacheni kwenye Sport, na siku ya mvua kiwekeni kwenye Wet. Mvua ya huko ni adimu, na inaponyesha vumbi na mafuta yaliyokaa barabarani miezi mingi hugeuka utelezi. Mkiona mtu anakizungusha mpaka mwisho, penye kuzima visaidizi vyote, shukeni kwenye gari hilo.

Kisha tairi. Inameni mzisome. Pembeni kuna namba nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Magari haya hukaa sana yamefunikwa, kwa hiyo tairi inaweza kuwa na kashata zote na mpira wake umeshakuwa mgumu. Mnamkumbuka Paul Walker, yule mwigizaji. Tarehe 30 Novemba 2013 alikuwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT huko California, na rafiki yake aliyekuwa akiendesha alikuwa mzoefu wa mashindano. Wachunguzi walisema gari lilikuwa kwenye kilomita 130 hadi 150 kwa saa, mahali pa kilomita 72, na tairi zake zilikuwa na zaidi ya miaka tisa. Walikufa wote wawili. Gari lile halikuwa bovu.

Sheria ya huko mnaijua kuliko mimi: kuzidisha kasi iliyoruhusiwa kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa ni dirham 3,000, pointi nyeusi 23, na gari kuzuiliwa siku 60. Pointi 24 leseni inaondoka. Mwenye gari atalipa na atanunua jingine. Wewe ndiye utakayepandishwa ndege. Ufunguo wa mtu ni amana, na amana haipigwi video. Mwenyewe akikuruhusu upige picha, piga gari likiwa limesimama.

Ombi langu la mwisho ni kwenu mliotangulia. Akija kijana mpya kutoka Malindi, Tanga au Kampala akakabidhiwa gari la namna hii, msimcheke wala msimwache peke yake. Ombeni ruhusa kwa mwenye gari, kaeni naye kiti cha pili, mwonyesheni kila swichi injini ikiwa imezimwa. Mwacheni aulize. Mtokapo naye, zungukeni mtaa wa nyuma kwanza, taratibu, mpaka oili ipate moto.

Mzee wenu,
Mombasa