Anzeni na daftari

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kujitolea kwenye makumbusho ya mtaa wenu. Unasema wenzako wanabishana kama wapake rangi kwanza au watafute makabati ya vioo. Nakuomba kwa moyo wote: anzeni na daftari.

Kila kitu kikiingia, kiandikwe siku hiyohiyo: ni nini, kimetoka kwa nani, kilitumikaje, na kama kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa tu. Mtoaji atie sahihi. Makumbusho mengi madogo huumia hapo. Mzee analeta kitu kwa maneno matupu, anafariki, wajukuu wanakuja kukidai, na karatasi hakuna. Kisha kipeni namba inayoanza na mwaka. Nyuma ya picha tumieni penseli, kwa sababu wino hupenya.

Fikiria makumbusho ya District Six, Cape Town. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza eneo lile kuwa la Wazungu. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa. Makumbusho yalipofunguliwa mwaka 1994 ndani ya kanisa la zamani la Kimethodisti, sakafuni palitandazwa ramani kubwa ya mitaa, na waliofukuzwa wakaandika majina yao pale walipokuwa wakiishi. Vibao vya majina ya mitaa vilivyookolewa wakati wa ubomoaji vikatundikwa. Bila wale watu na majina yao, vibao vile vingekuwa bati tu. Kila nikifikiria hilo naguswa.

Ndiyo maana nahofia sana mambo yote kukaa kichwani mwa mtu mmoja. Mwanzilishi akiugua, nusu ya makumbusho inalala naye kitandani. Warekodini wazee sasa, hata kwa simu, na nakala ziwekwe sehemu mbili tofauti.

Mengine yatafuata. Ila nguo na picha ziondoeni juani leo, maana rangi ikishapauka hairudi. Nguo yenye wadudu ifungeni vizuri kwenye plastiki, ikae wiki mbili kwenye friza yenye baridi kali.

Mkipanga siku ya kurekodi, niite. Wewe utauliza maswali, mimi nitashika simu na kuandika majina.

Wako akupendaye.