Barua kwa Mwanangu: Zirudie Picha

Mwanangu mpendwa,

Habari ya kwamba Jumatatu unaondoka kwenda kuanza masomo ya uchoraji nimeipokea kwa furaha, na nimekwisha kuwatangazia watu wengi kuliko ambavyo ungependa. Kilichonikosesha usingizi ni maneno uliyoyaweka mwishoni mwa ujumbe wako: kwamba riwaya ya picha iitwayo Asterios Polyp umeimaliza kitandani usiku mmoja, kwamba hadithi yake ni nzuri, na kwamba picha zake ni za kawaida. Kitabu hicho kina zaidi ya kurasa 300, na David Mazzucchelli, aliyekitoa mwaka 2009, aliiweka sehemu kubwa ya hadithi mahali pasipo na neno hata moja. Naogopa kwamba ulisoma viputo vya maneno tu, ukazipita picha kama abiria wa basi anavyoyapita maduka yaliyofungwa.

Je, uliona kwamba maisha ya sasa ya Asterios yametawaliwa na manjano na zambarau, ilhali kumbukumbu za ndoa yake zimo katika samawati na wekundu wa waridi? Uliona kwamba mume na mke wanapogombana, Asterios, msanifu ambaye majengo yake yote yalibaki kwenye karatasi, anageuka kuwa maumbo ya kijiometri ya samawati yaliyo matupu ndani, huku mkewe Hana, ambaye ni mchongaji, akijengwa kwa vistari vingi vyekundu vinavyokatana na kufanya vivuli? Siku walipokutana mara ya kwanza mitindo hiyo miwili iliingiliana, kila mmoja akachukua kidogo cha mwenzake, kwa hiyo msomaji aliyeitazama fremu ile haambiwi baadaye wamepoteza nini, anakiona. Hata viputo vyao havifanani, vya mume vina pembe na vya mke vimeviringana. Sasa niambie ukawaida uliuona wapi.

Huenda taa nayo ilichangia. Balbu ya chumbani kwako hutoa mwanga wa manjano, na chini ya mwanga huo wino wa manjano juu ya karatasi nyeupe hufifia hata usionekane vizuri, kwa hiyo nusu ya kazi ya mchoraji ilikufa kabla hujafungua ukurasa. Kisome tena mchana, karibu na dirisha. Anza kwa kuyafunika maneno kwa karatasi, uangalie jinsi mistari ilivyo minene au myembamba na mahali rangi inapobadilika, kisha ndipo usome.

Usije ukadhani kwamba nakutuma kuhesabu rangi. Marjane Satrapi, ambaye kitabu chake cha katuni, Persepolis, kilianza kutoka Ufaransa mwaka 2000, alitumia nyeusi na nyeupe pekee, bila kijivu, na weusi wa mavazi ya wasichana unaungana kuwa pande moja hadi kinachowatofautisha ni nyuso tu. Ungetia rangi pale, ungeharibu. Hergé, yule Mbelgiji aliyemchora Tintin wa vitabu vya katuni, alipendelea mstari safi na rangi bapa zenye vivuli vichache, na ndiyo maana kila kitu ndani ya fremu zake, kuanzia gari hadi kishikio cha mlango, huonekana kwa uwazi ule ule. Mimi binafsi humpenda zaidi Satrapi, lakini hilo si la kukushurutisha.

Nasisitiza hivi kwa sababu mkono wako ni mwepesi kuliko jicho lako. Michoro yako ya nyuso nawaonyesha wageni hata wasipoomba, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba haina uhai. Lakini anga lako huwa samawati kila mara, eti kwa kuwa anga ni samawati, na nyasi zako ni za kijani hata katika ukurasa wa msiba. Anayezipita rangi za wenzake mbio atazipaka za kwake mbio vilevile, na huko uendako hakuna atakayekuhurumia. Usitegemee skrini pia: rangi inayong'aa kwa mwanga wa kompyuta hupoa ikichapwa kwa wino, hasa kijani na samawati kali.

Yale magazeti ya katuni niliyokuwa nikiyafungia kabatini bado yapo yote, na ufunguo nimempa mdogo wako, ambaye ameshahamia chumbani kwako. Meza ya kuchorea nimemkatalia. Balbu nitaibadilisha kabla hajaanza kusoma usiku.

Kitabu nenda nacho, ukifunge kwa kitambaa ndani ya begi ili pembe zisikunjike. Wiki ya kwanza ikiisha uniandikie ni ukurasa upi ambapo rangi za Asterios zinaanza kuchanganyika, na ni nani aliye mbele yake wakati huo.

Ni mimi mama yako.