Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu Wazazi na Walezi,

Kwa niaba ya walimu wenzangu, nawashukuru kwa ushirikiano wenu katika muhula tunaoufunga leo. Matokeo ya kila mwanafunzi pamoja na tarehe ya kufungua shule vimo katika ripoti aliyokabidhiwa. Ninachowaandikia hapa ni jambo ambalo halina alama kwenye ripoti hiyo, nalo limenigusa kuliko yote yaliyotokea muhula huu.

Mnaufahamu mnazi ulio mbele ya ofisi yangu. Mvua za masika zilipoanza, ndege aina ya mnana waliujaa, wakayachana makuti yake mpaka mengine yakabaki njiti tupu, na kwa kuwa baraza ilichafuka kila siku, niliagiza makuti yenye viota yakatwe. Kabla kazi hiyo haijafanyika, wanafunzi wa Darasa la Tano walinijia wakaniomba kwanza nitoke nikatazame.

Nilisimama nao karibu nusu saa. Dume hulibana jani pembeni kwa mdomo, kisha huruka nalo, na uzi mrefu wa kijani ukachanika nyuma yake. Huanza kwa kusuka kitanzi kwenye ncha ya kuti, akasimama ndani yake, akaendelea kusuka kulizunguka umbo lake mwenyewe, hadi kiota kining'inie huku mlango wake ukitazama chini. Jike huja kukikagua. Akikikataa, na majani yakaanza kukauka, dume hukifumua na kuanza upya. Tulikuwa tukimtazama dume mmoja akichana jani, mwanafunzi mmoja aliposema, "Mwalimu, anachana chane kama bibi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniongoza kumwalika bibi yake. Alikuja na ukindu uliokwisha kuanikwa ukawa mweupe, na mwingine alioutia rangi kwa kuuchemsha, akaketi chini ya mnazi uleule na kuwaonyesha watoto jinsi chane zinavyopishana kuwa ukili, na ukili unavyoshonwa, ukingo kwa ukingo, kuwa mkeka. Mimi nimelalia mikeka tangu utotoni, lakini siku hiyo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba ua jekundu katikati ya mkeka limehesabiwa chane kwa chane, kichwani, bila kuandikwa popote. Watoto waliokuwa wagumu wa kutulia darasani walikaa kimya hadi kengele ya kutoka.

Makuti hayajakatwa, baraza tunaifagia asubuhi na jioni.

Ombi langu kwa likizo hii ni kwamba mumpe mtoto nafasi ya kuketi na mtu mzima anayesuka, awe bibi, shangazi au jirani, na mumwache atazame ndege, mti au sisimizi kwa muda anaoutaka, hata pale anapoonekana kwenu kama amekaa bure. Wanafunzi wa Darasa la Tano na la Sita warudi na ukili wa urefu wa pima moja waliousuka wenyewe, hata kama umepinda. Tutaushona pamoja kuwa mkeka wa watoto wa darasa la awali, ambao kwa sasa husikiliza hadithi wakiwa wameketi kwenye saruji.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu